Tangi la matumbawe lililoyumba: sahihisha chumvi kabla ya kugusa kitu kingine

Swali: Mwalimu, hujambo? Niko Ntinda, Kampala. Tangi langu la matumbawe lina mwaka na nusu, na maji yake ni kama lita 300 ukijumlisha tangi la chini. Mwaka wa kwanza lilipendeza sana. Sasa tumbawe la nyundo limejikunja na halifunguki, tumbawe la montipora limepauka kwenye ncha, mwani wa kahawia umetanda juu ya mchanga, na hita imeota ukoko mweupe. Samaki wangu wawili wa anemoni hawana neno. Vipimo vya juzi: pH 7.8, ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi, unaopimwa kwa dKH) 5.6, kalsiamu 460, magnesiamu 1,300, naitreti 40, fosfeti 0.3, hivi vinne vya mwisho vikiwa miligramu kwa lita. Kipimo changu cha plastiki chenye mshale kinaonyesha chumvi ni 1.025, yaani ya kawaida, ila refraktomita ya rafiki yangu (kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga) inasema 39, yaani gramu 39 kwa lita, badala ya 35 za bahari. Dukani waliniuzia dawa ya kupandisha pH. Nilipoitia, maji yakawa kama tui, na kesho yake pH ikarudi palepale. Siku za kazi dada wa nyumbani hujazia maji ya bomba yaliyolala usiku kucha, na Jumamosi najazia mwenyewe maji ya chumvi. Kwa miezi mitatu sijabadilisha maji kwa sababu chumvi ya akwariamu imekuwa ghali. Je, naweza kutumia chumvi inayovunwa Ziwa Katwe? Na nihamishie matumbawe kwa rafiki hadi maji yatulie?

Jibu: Sijambo, dada. Nakushukuru kwa kuandika vipimo vyako vyote, maana wengi huniandikia tu kwamba tangi linaumwa. Kwanza weka kando ile chupa ya kupandisha pH, leo hii, usiitie tena. Pili, usimwage tangi ukaanza upya. Samaki wako wanakula, montipora imepauka nchani tu, na kila kilichoharibika hapo kinarekebishika ndani ya mwezi mmoja au miwili usipokuwa na haraka.

Kiini cha tatizo umekitaja mwenyewe bila kukipa uzito: maji ya chumvi ya Jumamosi. Maji ya tangi yanapopungua ni maji matupu yanayopaa kama mvuke. Chumvi yote inabaki ndani. Kwa hiyo kinachofidiwa ni maji matupu peke yake, siku saba za wiki. Tuchukulie tangi lako linapoteza lita 3 kwa siku, kiasi cha kawaida kwa tangi la ukubwa huo lenye taa na pampu. Lita 3 za maji ya bahari zina karibu gramu 105 za chumvi. Ukizitia katika lita 300 umepandisha chumvi kwa gramu 0.35 kwa lita. Rudia kila Jumamosi kwa wiki kumi na mbili, bila kubadilisha maji hata mara moja, utakuta umeongeza gramu 4 na ushee kwa lita. Ulianza na 35, sasa una 39. Refraktomita ya rafiki yako imesema kweli, au karibu sana na kweli.

Kile kipimo cha mshale hakifai kwa matumbawe. Kipovu kidogo cha hewa kikigandamana na mshale unapanda, na chumvi ikikauka kwenye mhimili wake unakwama. Nunua refraktomita yako mwenyewe, kisha usiirekebishe kwa maji matupu pekee, kwa sababu inaweza kusoma sifuri sawasawa na bado ikakosea kule juu, mahali unapoihitaji. Tengeneza maji ya kulinganishia nyumbani: gramu 36.5 za chumvi kavu ya mezani ndani ya gramu 963.5 za maji safi yaliyochujwa kabisa. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawa na maji ya bahari yenye chumvi 35. Weka tone kwenye kioo, subiri nusu dakika joto lilingane, kisha zungusha skrubu hadi isome 35. Mizani ya kidijitali ya jikoni inatosha kwa kazi hii. Maji hayo yahifadhi kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, maana yakikauka kidogo nayo yatakudanganya.

Sasa angalia vipimo vyako vingine ukijua kwamba chumvi ni 39. Kila kitu kilichoyeyuka ndani ya tangi kimekolezwa kwa kiasi hichohicho. Kalsiamu yako ya 460, ukiizidisha kwa 35 na kugawanya kwa 39, inakuwa 413, yaani karibu sawa na ya bahari yenyewe. Magnesiamu ya 1,300 iliyokupa moyo inakuwa 1,167, wakati baharini ni karibu 1,280 hadi 1,300. Na ualkali, ambao tayari ulikuwa chini, unashuka hadi dKH 5. Bahari ina kama 7, na matangi mengi ya nyumbani yanakaa vizuri kati ya 7.5 na 8.5. Ungeanza kurekebisha kwa kufuata karatasi yako ilivyo, ungeipuuza magnesiamu na pengine kupunguza kalsiamu isiyo na kosa lolote. Ndiyo maana nasisitiza chumvi itangulie.

Kwa nini ualkali umeanguka na kalsiamu imesimama? Tumbawe likijenga mifupa yake hutumia vyote viwili kwa uwiano usiobadilika: kila dKH 2.8 za ualkali zinaondoka na miligramu 20 tu za kalsiamu kwa lita. Kwa hiyo ualkali ndio unaoonekana kuisha kwanza. Lakini kwako kuna mlaji wa pili, na huyo watu wengi hawamhesabu. Bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki na mabaki ya chakula kuwa naitreti wanazalisha asidi, na asidi hiyo inakula ualkali bila kugusa kalsiamu. Naitreti ikikusanyika hadi 40, imekwisha kula karibu dKH 1.8. Katika tangi linalobadilishwa maji hasara hiyo inafidiwa kimyakimya kila wiki. Wewe umekaa miezi mitatu bila kubadilisha, na deni limeonekana.

Ile dawa ikaongeza hasara. Dawa nyingi za namna hiyo ni kaboneti kali. Ukiitia kwa mkupuo, mahali ilipoangukia pH inapanda ghafla, na kalsiamu na kaboneti zinashikana na kuwa chokaa. Weupe uliouona ni chokaa, na ukoko wa hita ni chokaa hiyohiyo iliyopendelea mahali penye joto. Magnesiamu ndiyo huzuia chokaa isijitengeneze ovyo majini, na yako iko chini. Kwa hiyo ulinunua ualkali dukani na sehemu yake ikaishia kwenye hita. Loweka hita katika siki kwa saa chache ikiwa imechomolewa na kupoa, ukoko utatoka.

Kuhusu pH 7.8, sitaki uifukuze kwa dawa yoyote. Ualkali ukiwa 5, pH haiwezi kuwa juu, na hilo litajirekebisha lenyewe kwa sehemu. Sehemu nyingine ni hewa ya nyumba. Hukusema unapikia nini, lakini kama gesi ikiisha sigiri inawashwa karibu na sebule, au madirisha yanafungwa mapema kwa ajili ya mbu, hewa ukaa inajaa chumbani, inaingia kwenye maji na kuyafanya yawe na asidi zaidi. Fanya jaribio rahisi. Chota glasi ya maji ya tangi, ipeleke nje barazani, ipulizie kwa pampu ndogo ya hewa kwa saa moja, kisha pima. pH ikipanda, maji yana hewa ukaa nyingi. Rudia jaribio ndani ya nyumba kwa glasi nyingine. Isipopanda humo, hewa ya chumba ndiyo yenye lawama. Dawa yake ni dirisha, au mpira wa hewa wa skima (mashine inayotoa uchafu kwa mapovu) uliotolewa nje ya ukuta. Na sigiri isiwashwe kabisa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama usingekuwa na tangi, kwa sababu moshi wake una sumu inayoua watu usingizini.

Haya, kazi yenyewe. Kwa siku nne, kila jioni toa lita 8 za maji ya tangi na kuweka lita 8 za maji matupu yaliyochujwa, pamoja na yale ya kufidia kilichokauka. Kila mara utashusha chumvi kwa karibu gramu 1 kwa lita, na siku ya nne utakuwa karibu na 35. Usifupishe kuwa siku moja. Samaki wanaweza kuvumilia, lakini matumbawe, konokono na kaa wanajaa maji na kuvimba chumvi inaposhuka ghafla. Mimina polepole kwenye tangi la chini, si juu ya matumbawe. Utakuwa pia umetoa kama sehemu moja ya kumi ya naitreti bila kutumia hata gramu moja ya chumvi mpya, jambo litakalokufaa kwa kuwa umesema chumvi ni ghali.

Chumvi ikishatulia kwa siku mbili, pima tena, ndipo ugeukie magnesiamu na ualkali. Magnesiamu 1,167 haihitaji pupa. Chumvi ya Epsom ya duka la dawa, ile isiyo na manukato wala rangi, inafaa kwa marekebisho ya mara moja. Gramu 200 katika lita 300 zitakufikisha kama 1,230. Zigawe kwa siku tatu, na kilichobaki kitaletwa na maji mapya. Sipendi uiendeleze mwezi hadi mwezi, kwa kuwa inaleta salfeti pamoja na magnesiamu.

Ualkali unapandishwa kwa bikaboneti ya soda, ile ya dukani isiyochanganywa na kitu. Soma karatasi yake: unga wa kuumulia keki una asidi na wanga ndani, huo hautakiwi. Magadi ya sokoni pia usiyaguse, hayo ni mchanganyiko wa chumvi usioujua. Gramu 3 za bikaboneti huinua lita 100 kwa dKH 1, hivyo kwako gramu 9 ni dKH 1. Tia gramu 4.5 tu kwa siku, zikiwa zimeyeyushwa katika nusu lita ya maji safi, kidogokidogo mahali penye mkondo mkali. Siku sita zingekutoa 5 hadi karibu 8 kama tangi lisingekula chochote, kwa hiyo tarajia zaidi kidogo. Pima kila siku kabla ya kutia, maana kipimo chako ndicho kitakachokwambia tangi linakula kiasi gani. Ikiwa ulitia dKH 0.5 na kesho yake imepanda 0.3 tu, basi matumizi ya siku ni 0.2, na hicho ndicho kiasi utakachoendelea kutia hata baada ya kufika 8. Namba hiyo ni ya thamani kuliko kipimo kingine chochote ulichonitumia, kwa sababu matumbawe huumizwa na ualkali unaopanda na kushuka kuliko ualkali uliotulia mahali pa chini kidogo.

Kama una wasiwasi na dawa zako za kupimia, zijaribu: yeyusha gramu 2.4 za bikaboneti katika lita moja ya maji safi, chukua mililita 100 za maji hayo uyaongeze maji safi hadi yafike lita moja. Yakipimwa lazima yasome dKH 8. Yakisoma 6 au 10, dawa imekufa au imepitwa na muda. Kalsiamu iache kabisa kwa sasa.

Naitreti na fosfeti zitashuka kwa kubadilisha maji lita 30 kila wiki, jambo linalohitaji kilo moja na ushee ya chumvi ya akwariamu. Ukifanya hivyo mara tano, kilichokuwepo kitabaki kama asilimia 59. Si muujiza, lakini ukichanganya na kupunguza chakula, kuosha kikombe cha skima kila baada ya siku mbili na kufyonza uchafu wa mchangani, mwelekeo utageuka. Lenga naitreti 5 hadi 10 na fosfeti kati ya 0.05 na 0.1. Usitamani sifuri. Tangi lisilo na chakula chochote majini huota vijidudu vya utelezi wa kahawia ambavyo ni vigumu kuondoa kuliko mwani ulio nao sasa, na matumbawe yenye njaa yakipewa ualkali wa juu huungua ncha. Ukitumia chembe za oksidi ya chuma kunasa fosfeti, anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa. Mawe yako yamenyonya fosfeti kwa muda mrefu na yataendelea kuitema, kwa hiyo usishangae namba ikirudi juu ukiacha.

Hapo tunafika kwenye maji ya bomba. Kulaza maji usiku kucha kunapunguza klorini, na faida inaishia hapo. Maji ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria, na sehemu kubwa yanasafishwa Ggaba, kwenye Ghuba ya Murchison, ambayo inapokea maji ya mtaro wa Nakivubo na imejaa rutuba. Usafishaji unayafanya yanyweke. Haukukusudiwa kuondoa kila chembe ya fosfeti wala shaba inayotoka kwenye mabomba ya nyumba. Kila unachotia kwa kufidia mvuke kinabaki, maana mvuke unaondoka mtupu. Lita 3 kwa siku ni zaidi ya lita 1,000 kwa mwaka. Uchafu wa lita 1,000 umeurundika ndani ya lita 300.

Kwa hiyo pesa ya kwanza uliyo nayo iende kwenye mashine ya RO (inayosukuma maji kupita kwenye utando unaozuia vilivyoyeyuka) yenye hatua ya mwisho ya resini, kabla ya taa mpya au tumbawe jipya. Kalamu ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, isome sifuri. Mashine hizi zinataka shinikizo la maji la karibu baa 3.5. Tangi lililowekwa juu ya mnara wa mita 5 linakupa nusu baa tu, na ndiyo maana wengi wa hapa hununua mashine, wakaona inadondosha vitone, wakadhani ni mbovu. Inahitaji pampu ya kuongeza shinikizo. Maji yanayotupwa na mashine yanafulia nguo na kumwagilia bustani bila shida. Mpaka uipate, maji yaliyokenekwa ya madukani yanasaidia, lakini fungua na kupima kwanza: yale yanayoitwa maji ya betri mara nyingine ni asidi.

Mvua ya masika inashawishi, najua. Ila maji yaliyopita juu ya mabati yamebeba zinki, na zinki huua konokono na matumbawe kwa kiasi ambacho samaki hata hahisi.

Nimeiacha Katwe mwisho kwa sababu inastahili jibu kamili. Chumvi ya Katwe imelisha na kutajirisha watu kwa vizazi vingi, na wanaoivuna kwa mikono kwenye vidimbwi vile vya Kasese wanafanya kazi ngumu ninayoiheshimu. Lakini ziwa lile halikutokana na bahari. Ni ziwa la kreta lisilo na mto unaotoka, linalishwa na chemchemi zilizopita kwenye mawe ya volkano, na jua limeyakoleza maji yake. Pamoja na chumvi ya kawaida lina kaboneti na salfeti ya sodiamu kwa wingi. Na maji yenye kaboneti nyingi hivyo hayawezi kushika kalsiamu na magnesiamu, zote hugeuka mawe na kuzama. Ukiiyeyusha na kuitia kwenye tangi lako, ualkali utaruka pasipo kipimo, kalsiamu iliyopo itanyesha kama chokaa, na safari hii weupe hautaisha kesho yake. Refraktomita itasoma 35 vizuri kabisa, na matumbawe yatakufa. Chumvi ya mezani nayo haifai kwa sababu iliyo kinyume: haina ualkali, haina kalsiamu, haina magnesiamu, ni sodiamu na kloridi tu. Kama pesa ni kidogo, badilisha lita 20 kwa wiki badala ya 30, kwa chumvi halisi ya akwariamu. Mnaofuga matumbawe Kampala mkichangia ndoo kubwa moja mkaigawana, bei ya kilo hushuka.

Jambo moja la hapa kwetu kabla sijafika kwenye swali lako la mwisho. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya nane kuliko maji ya Mombasa yenye joto lilelile. Umeme ukikatika, muda ulio nao ni mfupi kuliko unaoandikwa na watu wa pwani. Pampu ya hewa ya betri, inayojiwasha yenyewe umeme ukienda, ni ya lazima.

Usihamishe matumbawe. Maji ya rafiki yako huenda ni 35, yako ni 39. Ukiyatoa kwako na kuyatumbukiza kwake unayapa kwa dakika kumi mshtuko uleule tuliougawa kwa siku nne, halafu baada ya wiki chache unayarudisha tena. Yaache mahali pake, usiyageuze wala kuyasogeza karibu na taa. Punguza tu saa za mwanga hadi sita kwa wiki mbili hizi. Montipora ikianza kupona utaona ukingo mwembamba wenye rangi ukirudi kuelekea ncha. Tumbawe la nyundo huchelewa zaidi, na kujikunja peke yake si kifo. Likague kila jioni kwa tochi: nyama ikigeuka uji wa kahawia unaonuka, fyonza uji huo kwa mpira usisambae, toa kichwa kilichooza nje ya tangi usiku huohuo, na vichwa vilivyobaki vizima uviache vilipo.